Utarudije? Mbinu za kuamua lini uhamie toleo jipya la programu

Mwezi Julai hapa Mafinga, saa mbili asubuhi ukungu bado umelala juu ya barabara kuu, na vijana wanaoomba mikopo ya elimu ya juu wameshapanga foleni kwenye steshenari za karibu na stendi. Wamevaa masweta, bahasha mkononi: fomu ichapishwe, ipelekwe kugongwa mihuri, irudi kuskaniwa, ipandishwe kwenye mfumo kabla dirisha halijafungwa. Asubuhi moja ya namna hiyo dada mmoja mwenye steshenari alinipigia simu. Hata salamu hakunipa, naye ni mtu wa "kamwene" ndefu. Nilipofika nilikuta kompyuta yake kubwa, ile inayobeba printa na skana, imesimama kwenye kioo chenye onyo isizimwe, na namba moja katikati: asilimia 34. Mlangoni watu kumi na wawili.

Usiku uliotangulia, akiwa anafunga, kompyuta ilimwuliza kama anataka toleo jipya la mfumo. Akakubali, akiamini asubuhi atakuta kazi imekwisha. Ilipofika saa nne na nusu mashine ikawaka, inang'aa, kila kitu kimehamishwa mahali pake. Printa yake, kuukuu lakini haijawahi kumtupa, haikutambuliwa. Nilitafuta draiva kwa bando la simu yangu hadi saa nane mchana. Haikuwepo; printa ile ilishaachwa kuandikiwa draiva mpya miaka mingi. Kufikia hapo foleni ilikuwa imehamia kwa jirani, na wateja wengine hawakurudi msimu mzima.

"Kwani fundi, nilikosea kukubali?" aliniuliza. Nilimwambia toleo lile halikuwa baya, wala kulitaka si kosa. Kosa ni kuingia ndani bila kujua mlango wa kutokea uko wapi.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza kama ahamie toleo jipya la programu yoyote, siulizi kwanza kama toleo hilo ni zuri. Namwuliza: likikushinda, utarudije, na kurudi huko kutakula saa ngapi za kazi yako? Mwenye jibu anaweza kuhamia hata mwezi wa kwanza. Asiye na jibu asubiri kwanza, atafute jibu, hata kama toleo linasifiwa na kila mtu mjini.

Kabla ya hapo, tenganisha mambo mawili ambayo kompyuta huyaita kwa jina moja. Ikikwambia "kuna sasisho", inaweza kuwa imeleta kiraka au imeleta toleo. Kiraka huziba tundu na kuondoka. Kazi yako unaiona ileile. Toleo hubomoa ukuta na kuhamisha mlango. Dalili ya haraka ni namba. Programu nyingi huandikwa kwa namba tatu zenye nukta kati yake, tuseme 7.2.4. Ya mwisho ikisogea ikawa 7.2.5, hivyo ni viraka. Ya kati ikisogea, kuna vitu vimeongezwa. Ya kwanza ikipanda, 7 ikawa 8, hapo vuta kiti ukae: huenda mafaili, mipangilio na hata vifaa vyako vya zamani vikagoma. Si wote wanaofuata utaratibu huu. Kivinjari cha Chrome hupandisha namba ya kwanza kila baada ya wiki chache na hakuna la kutisha, na Windows hujihesabu kwa mwaka na nusu yake, kama 24H2, yaani nusu ya pili ya 2024. Ila kwa programu za hesabu, za duka na za ofisi, namba ya kwanza sikiliza inachosema.

Kiraka cha usalama usikicheleweshe. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa kwenye sehemu ya Windows inayoshirikisha mafaili baina ya kompyuta. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kirusi WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fedha ili kuyafungua. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha miadi na upasuaji. Wengi walioumia walikuwa na dawa inawasubiri muda wote huo, na hawakuimeza. Ninapoona kompyuta ya duka imezimiwa masasisho yote "ili isile bando", huwa naikumbuka tarehe ile ya Machi.

Hata hivyo, kutochelewa hakuna maana ya kuwa wa kwanza. Asubuhi ya tarehe 19 Julai 2024 programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike ilipokea sasisho lenye kasoro, likaangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Ndege hazikuruka, benki na hospitali zikasimama. Kwa saa zetu sasisho lile lilianza kutoka saa moja na dakika 9 asubuhi, likaondolewa saa mbili na dakika 27. Kompyuta iliyokuwa imezimwa katika muda ule ilipona kabisa. Zilizokwisha anguka zilihitaji mtu akae mbele ya kila moja na kuiponya kwa mkono. Kwa hiyo kanuni yangu kwa viraka vya usalama ni ndani ya wiki moja, na kama una mashine tatu, usizipe zote siku moja. Moja leo, mbili zilizobaki baada ya siku mbili tatu, ukishaona ya kwanza inachapa kazi.

Toleo kubwa ni jambo jingine, na hapa sisi wa wilaya hii ya Mufindi tuna mwalimu uani. Nenda yadi yoyote ya mbao. Ubao wa msindano uliopasuliwa leo asubuhi umejaa maji. Ukiubeba bega linaloa. Ukiupandisha paani jioni hiyo, utakaukia hukohuko juu, ujipinde, uvute misumari, na bati lianze kupiga kelele upepo ukija. Mwenye yadi anayejua kazi huzipanga mbao kwa tabaka, kila tabaka akilitenga kwa vijiti ili hewa ipite, kisha huziacha. Lakini haziachi milele. Zikilala chini msimu mzima wa mvua hushika ukungu wa bluu, mchwa nao hawachelewi, na ubao uliokuwa wa bei unauzwa kuni. Toleo jipya la programu lina kipindi chake cha kukauka vilevile, na lina siku yake ya kuoza.

Kuhusu kukauka, mfano mzuri ni wa Oktoba 2018. Tarehe 2 ya mwezi huo Microsoft ilianza kugawa toleo la Windows 10 lililoitwa 1809. Siku nne baadaye ikalisimamisha, kwa sababu baadhi ya watu walikuta nyaraka na picha zao zimefutwa. Lilirudi tarehe 13 Novemba, limerekebishwa. Waliosubiri wiki sita walipata kitu kilekile bila kupoteza faili hata moja. Wengine wameifanya subira hii kuwa taratibu ya kazi. Ubuntu, mfumo wa bure ambao mafundi wengi tunaujua, ilitoa toleo lake la muda mrefu, yaani linaloshonewa viraka kwa miaka mingi, 24.04, mwezi Aprili 2024. Lakini waliokuwa kwenye toleo la muda mrefu lililotangulia, 22.04, hawakualikwa kuhamia mpaka toleo la kwanza la marekebisho, 24.04.1, lilipotoka mwishoni mwa Agosti. Wenye programu wenyewe wanajua kwamba miezi ya mwanzo ni ya watu wenye moyo na muda.

Kwa mtu wa steshenari, yadi ya mbao, duka la pembejeo au ofisi ya shule, ushauri wangu ni huu. Mfumo wa kompyuta nzima, usubiri mpaka marekebisho ya kwanza yatoke, yaani miezi miwili hadi mitatu. Programu ya hesabu, usiiguse katikati ya mwaka wako wa hesabu. Funga mwaka kwanza, hata kama ni miezi mingine sita. Programu ya kuandikia barua, ukichelewa au ukiwahi wiki mbili si kitu.

Katika muda huo wa kusubiri, usikae bure. Soma maelezo yanayotolewa pamoja na toleo. Huhitaji kuyasoma yote. Tafuta sehemu tatu: matatizo ambayo wenyewe wanakiri kuyajua, vitu walivyoviondoa, na mahitaji ya mashine. Sehemu ya vilivyoondolewa ndiyo inayoumiza watu wa kwetu, maana sisi ndio tunaotumia printa ya miaka kumi na skana iliyokuja na mtu kutoka Dar. Najua maelezo hayo karibu yote ni ya Kiingereza, na hilo linanisikitisha kweli, kwa sababu hatukuanzia huko. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi ambayo menyu zake zote zilikuwa kwa Kiswahili. Kazi ile ilithibitisha kwamba inawezekana. Mpaka irudi kwa nguvu, mkalishe kijana wa kidato cha nne kando yako akusomee sehemu hizo tatu. Ni nusu saa.

Uliza pia, lakini chagua wa kumwuliza. Kijana wa Dar mwenye kompyuta mpya na intaneti ya faiba atakwambia limemkaa vizuri, na atakuwa anasema kweli yake. Mtafute mwenye kazi kama yako, printa kama yako na umri wa kompyuta kama yako. Steshenari ya Makambako au Iringa itakufaa kuliko mtaalamu yeyote. Mwulize swali moja: tangu uhamie, ni kitu gani kimoja ulichokuwa unakifanya na sasa hukiwezi?

Sasa siku ya kuoza. Kila toleo lina tarehe ambayo mwenye nalo ataacha kulishonea viraka, na tarehe hiyo hutangazwa mapema. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata mwaka mmoja wa ziada wa viraka vya usalama kwa kompyuta binafsi, unaoishia tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Inaendelea kuwaka, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kinachotokea ni kwamba tundu jipya likigunduliwa kesho, halitazibwa, na wezi wanajua hivyo. Tarehe ya kifo ikishajulikana, hesabu kurudi nyuma: toa miezi mitatu ya kujaribu, toa msimu wako wa kazi nyingi, toa muda wa kutafuta fedha kama mashine haitafaa. Ukipata siku iliyobaki, hiyo ndiyo siku ya kuanza.

Na kweli mashine nyingi hazitafaa. Kompyuta zinazouzwa hapa mjini na Iringa ni mitumba kutoka ofisi za Ulaya, ngumu na nzuri, lakini za umri. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, na kwa prosesa za Intel kwa ujumla inaanzia kizazi cha 8. Kizazi utakisoma mwenyewe. Tazama jina la prosesa kwenye mipangilio ya mfumo, au kwenye stika: i5-6300U ni kizazi cha 6, maana tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6. i5-8250U ni cha 8. Tarakimu zikiwa tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: kizazi cha 10. Jifunze hili kabla hujampa mtu fedha zako. Nimeona watu wakinunua mashine ya kizazi cha 4 kwa sababu tu kwenye stika pameandikwa "i7", wakiamini 7 ndiyo kizazi.

Mwenye mashine ya kizazi cha chini bado ana njia. Anaweza kuchukua ule mwaka wa ziada huku akiweka akiba. Anaweza kuweka Ubuntu, ambayo toleo lake la 24.04 lina viraka hadi 2029, akatumia LibreOffice kwa barua na majedwali. Lakini ajaribu kwanza kama nyaraka za wateja zinafunguka bila kupangaranyika, na ajue kwamba programu nyingi za hesabu zilizoandikwa kwa Windows hazitamfuata huko. Anaweza kuiacha mashine ya zamani ifanye kazi moja tu, bila intaneti, kama kuchapa bei na lebo, ilimradi akumbuke kwamba fleshi ya mteja nayo ni mlango. Njia ya mkato ya kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyotimiza masharti ipo, na vijana wanaijua. Kwa kompyuta ya kazi siifanyi, kwa kuwa Microsoft yenyewe haiahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata viraka, na viraka ndivyo tulivyokuwa tunavikimbilia tangu mwanzo.

Nirudi kwenye mlango wa kutokea, maana ndiyo roho ya jambo lote.

Mzee mmoja wa mbao pale Kinyanambo aliniita nimhamishie programu ya hesabu kwenda toleo jipya. Humo mlikuwa na wadeni wake wote, kuanzia mafundi wa Mafinga hadi wanunuzi wa Dodoma. Nikamwuliza karani wake kama ana nakala. "Ipo, kaka," akatoa fleshi mfukoni, imefungwa kamba nyekundu. Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu badala ya yao. Mafaili yalikuwepo, majina yote sahihi, mpaka mwaka. Nikabofya moja, halikufunguka. La pili, hivyohivyo. Nikatazama ukubwa wake: kilobaiti 1. Yote kilobaiti 1, isipokuwa mawili ya kilobaiti 2. Kijana yule, kwa uaminifu kabisa, kila Ijumaa kwa mwaka mzima, alikuwa akinakili zile alama za kwenye kioo cha mbele, zinazoelekeza faili lilipo. Alikuwa amebeba vibao vya barabarani akidhani amebeba mji.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana wangu, basi leo usiguse kitu." Alikuwa sahihi. Tulitumia siku ile yote kutengeneza nakala ya kweli.

Nakala ya kweli ina sifa mbili: imetoka nje ya mashine, na imefunguliwa kwenye mashine nyingine. Isipofunguliwa kwingine ni matumaini tu. Chukua fleshi au diski ya nje, nakili folda yenyewe ambamo programu hutunza data, au tumia amri ya kutengeneza nakala iliyo ndani ya programu ya hesabu. Tazama ukubwa, daftari la wadeni la miaka mitatu haliwezi kuwa na kilobaiti 1. Nenda kwenye kompyuta ya pili, fungua, mtafute mteja mmoja unayemjua, linganisha deni lake. Nakala moja ikae nyumbani, isilale duka moja na kompyuta, kwa sababu moto na mwizi havichagui.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Programu nyingi za hesabu, toleo jipya likishafungua faili lako, hulibadilisha umbo, na toleo la zamani haliwezi kulisoma tena. Ukiandika mauzo ya wiki mbili ndani ya toleo jipya, halafu ukaamua kurudi, unarudi na daftari la wiki mbili zilizopita. Yaliyo katikati utayaandika upya kwa mkono. Ndiyo maana nakala inatakiwa ichukuliwe saa ileile kabla ya kuhama, na ndiyo maana wiki ya kwanza tunza risiti zote za karatasi kwenye bahasha moja. Windows yenyewe hukupa siku 10 baada ya kuhamia toleo jipya ambapo unaweza kuiamuru irudi ilikotoka. Baada ya hapo hufuta mfumo wa zamani ili kurudisha nafasi. Ziandike siku hizo kumi kwenye kalenda ya ukutani. Hifadhi pia programu ya zamani ya kusimikia, namba ya leseni na draiva ya printa kwenye fleshi ileile; bila hivyo, kurudi ni neno tu.

Siku ya kuhama ichague kama unavyochagua siku ya kupaua nyumba. Mwenye wafanyakazi analipa kodi ya mishahara kabla ya tarehe 7. Aliyesajiliwa VAT anapeleka ritani kabla ya tarehe 20. Mwisho wa mwezi kuna mishahara. Kwa hiyo dirisha lako ni kati ya tarehe 21 na 25, na ndani yake utafute Jumamosi mchana, ili uwe na Jumapili ya kurekebisha. Steshenari isiguse kitu Julai na Agosti, wala siku matokeo ya mitihani yanapotoka. Watu wa mbao wanajua wenyewe: mwaka wa serikali ukianza Julai, vibali vya uvunaji katika shamba la miti la Sao Hill vikishaanza kutembea, hakuna wa kukaa kusubiri asilimia zipande.

Umeme nao. Kuanzia Novemba hadi Aprili radi zetu hazina adabu, na kompyuta ikizimika katikati ya kuandika mfumo mpya inaweza isiwake tena. Tumia laptopu yenye betri iliyojaa, au kompyuta ya mezani yenye UPS uliyoipima mwenyewe kwa kuchomoa waya ukutani ukaona inadumu dakika ngapi. Wingu likikusanyika upande wa Kibao, ahirisha. Kuhusu bando, toleo zima la Windows hula GB kadhaa, na likishushwa kwa simu ya mtu usiku linaweza kumaliza bando la wiki. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi kuna mahali pa kuiambia kompyuta kuwa mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Washa hapo, haitashusha vitu vikubwa bila idhini. Unaweza pia kusimamisha masasisho kwa hadi wiki tano. Tumia wiki hizo kujiandaa, usizigeuze desturi.

Mashine ya kwanza kuhamia iwe ile usiyoitegemea. Ikishahama, usiishie kuiwasha na kusifu rangi. Ifanyishe kazi za siku nzima: chapisha pande mbili za karatasi kwenye printa ileile ya kila siku, skani kurasa kumi, fungua ankara ya mwaka juzi, toa risiti ya EFD kama unaitoa kupitia kompyuta, ingia kwenye mifumo ya serikali unayoitumia na upandishe faili hadi mwisho. Acha ipite wiki moja yenye siku ya gulio ndani yake. Kitakachogoma kitagoma siku ya gulio.

Walio kwenye ofisi za umma, zahanati na shule hawaamui wenyewe, na haifai waamue. Wizara ya Afya, kwa mfano, hukusanya takwimu kwa mfumo wa DHIS2 ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na watengenezaji wake husimamia matoleo matatu ya mwisho tu, kwa hiyo uamuzi wa kuhama hufanywa kitaifa. Lakini anayejaza takwimu zahanati ana haki ya kumwambia afisa TEHAMA mapema kwamba wiki fulani ya mwezi ni ya kufunga ripoti. Maafisa wengi husikiliza wakiambiwa kabla.

Simu ni nyepesi zaidi. Programu za benki na za fedha za mkononi zisasishe mara moja. Mfumo wa simu wenyewe usubiri wiki mbili tatu, na usianze kama nafasi imebaki kidogo. Ujue tu kwamba simu nayo huachwa: Oktoba 2023 WhatsApp ilianza kutaka Android 5.0 au zaidi, na wapo wazee waliodhani wajukuu wamewablock.

Yule dada wa steshenari sasa ana daftari la mistari, la shule, limening'inizwa kwa uzi kando ya kompyuta. Kila ukurasa una tarehe, jina la programu, namba ya toleo la zamani, namba ya toleo jipya, nakala iko fleshi gani, draiva ya printa iko wapi, siku ya mwisho ya kuweza kurudi, na nafasi tupu ya kuandika kilichogoma. Mwaka uliofuata alihama tena, Jumamosi ya tarehe 22 Novemba, mashine ndogo kwanza. Kabla ya kubonyeza alinipigia simu, na safari hii salamu ilikuwa ndefu. Akanisomea ukurasa wote. Kwenye mstari wa draiva ya printa aliandika: "Ipo, fleshi ya bluu, nimeijaribu kwa mama Neema wa jirani, imechapa."